Mlango Usio na Mkono

Kila likizo, kazi yangu ya kwanza asubuhi ni kufagia gereji ya Baba. Gereji yenyewe ni paa la mabati juu ya nguzo sita, kando ya barabara kuu hapa Lusahunga, wilayani Biharamulo, pale malori yanayokwenda mipakani, Rusumo na Kabanga, yanaposimama ili madereva wanywe chai na kuyalaani mashimo. Nafagia, napanga spana kwa ukubwa, nachota maji ya rejeta, halafu nasimama na ufagio wangu na kuwakagua wapita njia kama mwalimu wa zamu anavyokagua viatu.

Jina langu ni Deodata. Niko kidato cha pili katika shule ya bweni ya wasichana. Rekodi yangu huko naomba nisiieleze kwa kirefu, kwa kuwa faili bado liko mezani kwa mwalimu wa nidhamu. Itoshe kusema kwamba siku moja kengele ya kuamshia ilivishwa soksi, ikakosa sauti, na wasichana mia tatu wakalala mpaka jua likawachoma nyuso. Mtuhumiwa hakupatikana. Mtuhumiwa ndiye anayewaandikia.

Nasema hayo mapema ili mjue mnamsoma mtu wa namna gani. Kazi yangu duniani ilikuwa kuchekesha watu, na niliyependa kumchekesha kuliko wote ni mdogo wangu Odeta, mwenye miaka tisa. Odeta akicheka miguu humwishia nguvu, hukaa chini hapo hapo alipo, hata kama ni kwenye tope. Nikiwa bwenini, nilikuwa naweka akiba ya vituko miezi mitatu kwa ajili yake tu.

Likizo ya Julai ninayoisimulia hapa nilimkuta Odeta ana mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa mbuzi jike wa wiki tano, wa rangi ya karanga iliyokaangwa, na ndivyo alivyoitwa: Karanga. Mama yake alikufa siku ya pili baada ya kuzaa. Odeta akamlea kwa chupa ya soda iliyofungwa kipande cha mpira mdomoni. Alfajiri alikwenda kuomba maziwa kwa jirani, jioni alishuka bondeni kutafuta majani laini, na usiku alimlaza kwenye boksi karibu na mkeka wake. Karanga alimfuata mpaka mlango wa choo, akamsubiri nje akilia kama mjane.

Na Karanga hakuwa mbuzi wa hivi hivi. Tulipohamia hapa kutoka Nyakisasa, kule Ngara, hatukuwa na hata kuku. Bibi Mukandayisenga, anayekaa ng'ambo ya bonde, alitupa mbuzi jike. Kwetu mnyama wa kupewa hauzwi, na mtoto wake jike wa kwanza hurudishwa kwa aliyetoa, ili ajue kwamba wema wake haukusahauliwa. Jambo hilo tunaliita kwitura. Mbuzi yule alikaa kwetu miaka akizaa madume tu, hata Baba akaanza kuona haya kukutana na Bibi njiani. Karanga alikuwa jike wa kwanza. Jumapili ya wiki ile ndiyo ilikuwa siku ya kumpeleka. Odeta alijua, na alikwisha kukubaliana na Bibi kwamba atakuwa anakwenda kumtembelea kila Jumamosi.

Alhamisi asubuhi ndipo lilipokuja lile gari.

Magari yanayopita kwetu kutoka bandarini kwenda nchi jirani tumeyazoea. Lakini hili lilikuwa gari la spoti, jekundu, fupi kama limekatwa miguu, likivutwa kwa kamba nyuma ya lori la mahindi. Kijiji kizima kilisimama. Dereva wake, kijana mrefu aitwaye Erasmus, alishuka akitembea kwa madaha, mabega nyuma, kana kwamba kuvutwa na lori la mahindi ndio mtindo mpya wa matajiri.

"Fundi Gidioni, altaneta haichaji," alimwambia Baba. "Betri inakata roho."

Walilisukuma mpaka ndani ya kivuli cha gereji, wakaweka mawe kwenye magurudumu ili lisiteremke, maana uwanja wetu una mteremko. Baba akausogelea mlango, akaupapasa juu na chini kama daktari.

"Hauna mkono," alisema.

"Hauna, Fundi. Ni umeme mtupu. Unabonyeza rimoti mara mbili, au ukiwa na rimoti mfukoni unagusa kitufe kidogo hapa chini ya ukingo. Mlango unajifungua wenyewe."

Akabonyeza. Kioo kikashuka upana wa kidole, kitu ndani ya mlango kikalia *trr*, na mlango ukaruka nje kidogo, taratibu, kama mtu anayekukaribisha. Watoto waliokuwa wamesimama nje wakapiga kelele. Mimi, msichana wa sekondari mwenye heshima zake, nilipiga kelele kuliko wote.

"Na betri ikifa kabisa?" Baba aliuliza.

"Hapo ndipo penye siri. Njoo nikuonyeshe."

Wakainama pamoja karibu na gurudumu la nyuma. Erasmus akawa anaelekeza kitu kwa kidole, Baba akitikisa kichwa kwa kupendezwa. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Ningeweza kusikia kila neno. Lakini nilikuwa nimewageukia Odeta na Abeli, mtoto wa jirani, nikiwaigizia mwendo wa Erasmus wa mabega nyuma, na Odeta alikuwa amekwisha kukaa chini kwa kicheko.

Erasmus akapanda bodaboda kwenda kutafuta betri nyingine. Baba akaitundika rimoti kwenye msumari, akaniita.

"Deodata, gari la watu hili. Betri imebakiwa na pumzi chache. Usiufungue mlango, usiwashe taa, usiguse chochote. Umenisikia?"

"Nimesikia, Baba."

Likizo hiyo Baba alikuwa ameanza kunifundisha umeme wa magari. Aliniachia kipimo chake cha umeme, kile ambacho hakuwahi kumwachia mtu. Mafundi wenzake walimcheka kwamba anamfundisha msichana, naye akawajibu, "Umeme hauulizi." Nilipenda kipimo kile kuliko kitu chochote nilichowahi kushika.

Baba akavuka uwanja, akaingia chini ya lori la mizigo lililokuwa limeharibika upande wa pili. Odeta akashuka bondeni kutafuta majani. Karanga akabaki amefungwa kwenye nguzo, akilalamika. Na mimi nikabaki na Abeli, Iteka na watoto wengine wanne, wote wakinitazama mimi na lile gari, mimi na lile gari.

Naomba radhi, lakini hadhira ni kitu kibaya sana kwa mtu kama mimi.

Nilichukua rimoti, nikaitia mfukoni mwa sketi bila wao kuona. Nikasimama mbele ya gari, nikakohoa kama mheshimiwa anayezindua zahanati.

"Kwa mamlaka niliyopewa na kijiji hiki," nilisema, "nakuamuru, ewe mlango, funguka!"

Nikabonyeza. *Trr.* Mlango ukafunguka. Iteka alikimbia hadi barabarani.

"Ni uchawi!" alipiga kelele kutoka huko.

"Ni elimu," nilimjibu kwa upole. "Soma kwa bidii."

Abeli, ambaye ana miaka kumi na moja na haamini mtu, akaufunga mlango, akasimama nilipokuwa nimesimama mimi, akasema maneno yale yale. Mlango ukakaa kimya. Akayarudia kwa sauti nzito. Kimya.

"Mlango unajua nani mtu mzima," nilimwambia. Nikaufungua tena. Na tena. Mara ya tano niliona *trr* imekuwa nzito, kama mzee anayeinuka kitini, lakini watoto walikuwa wanapiga makofi na mimi nilikuwa natafuta kilele cha sherehe. Kila sherehe ina mgeni rasmi. Nikamfungua Karanga, nikamvika shingoni tai yangu ya shule, nikamkalisha kwenye kiti cha dereva. Alikaa vizuri, masikio yamesimama, akitazama usukani. Nikafunga mlango.

"Ndugu wananchi," nilisema, "mgeni rasmi sasa atashuka kwenye gari lake. Mlango, funguka!"

Nikabonyeza. Kioo hakikushuka. Ndani ya mlango kitu kililia *t*, kikanyamaza. Nikabonyeza tena. Hakuna. Nikagusa kitufe chini ya ukingo. Hakuna. Nikakimbilia mlango wa pili, nikajaribu buti, nikajaribu boneti ili niifikie betri. Vyote vilikuwa vya umeme, na umeme haukuwepo tena.

"Mlango umegoma kukutii, Dada Deo," Abeli alisema akicheka. Halafu akauona uso wangu, akaacha.

"Betri imekufa," nilisema.

"Si tulisukume?"

Msomaji wa mjini atashangaa. Lakini kwetu, gari ambalo betri yake imekufa husukumwa. Tumekua tukiona hivyo: lori, pikapu, hata gari la padri. Husukumwa, likatetemeka, likafufuka. Hakuna mtoto wa barabarani kwetu asiyejua hilo, na mimi, mwanafunzi wa Fundi Gidioni, sikujipa hata nafasi ya kufikiri kwamba gari lisilo na dereva ndani, lisilowashwa, haliwezi kufufuka kwa kusukumwa. Tuliondoa mawe. Tukasukuma, watu saba. Gari likatoka kivulini, likateremka uwanja wote, likasimama kwenye rundo la kokoto lililo chini kabisa, katikati ya jua la saa tano.

Halikufufuka. Na kulirudisha juu hatukuweza. Tulijaribu mpaka Iteka akaanguka.

Mlio wa kokoto ulimfikia Baba. Sauti yake ilitoka chini ya lori.

"Deodata! Kuna nini huko?"

Nilikuwa na jibu la kweli mdomoni. Lilikuwa fupi kabisa: Karanga yuko ndani ya gari. Lakini nikakiona kile kipimo cha umeme kikirudi kwenye sanduku lake na kufungiwa humo. Nikawaona wale mafundi wakicheka.

"Hakuna kitu, Baba. Tunacheza."

"Gari la watu hamjaligusa?"

"Hatujaligusa."

"Haya."

Akarudi kugonga vyuma vyake. Ndiyo, aliniamini. Angekuwa mtoto mwingine aliyejibu, angetoka kuangalia.

Nilichofanya baada ya hapo kilikuwa kingi na hakikuwa na maana. Nilipenyeza waya kwenye mpira wa mlango. Nililoweka magunia nikafunika kioo cha mbele. Nilimtuma Iteka alete ndoo ya maji, nikamwagia paa, yakakauka tukiyatazama. Mwanzoni Karanga alisimama juu ya kiti akigonga kioo kwa kwato, mdomo wazi, akilia, lakini sauti yake ilitufikia kama inatoka nyumba ya tatu. Baadaye akaacha kugonga.

"Nimwite baba yako?" Abeli aliuliza.

"Subiri. Karibu linafunguka."

Akauliza tena.

"Nimesema subiri!"

Mara ya tatu aliniuliza huku analia, nami nikamshika mkono asiondoke. Nakiri hilo hapa kwa sababu Abeli hakuwahi kumwambia mtu.

Nilishika jiwe nivunje kioo. Nikaliweka chini. Niliogopa gharama ya kioo cha watu.

Odeta alipanda kutoka bondeni akiwa amekumbatia majani. Aliitazama nguzo, akaiona kamba tupu. Akatazama gari chini ya jua, magunia, sisi. Aliyatupa majani, akakimbia moja kwa moja hadi kwenye lori, akajitupa chini karibu na miguu ya Baba.

"Baba! Karanga yuko ndani ya gari!"

Maneno yale yale. Yalimchukua pumzi moja kuyasema.

Baba alitoka chini ya lori akaja mbio, mkono mmoja bado una spana. Hakunitazama. Alipiga goti karibu na gurudumu la nyuma, akaingiza vidole ndani ya tao la gurudumu, akang'oa kifuniko kidogo cha plastiki, akashika kitanzi cha waya, akavuta. *Kacha.* Mlango ukaruka. Kuanzia alipopiga goti, nisingefika ishirini kama ningehesabu.

Joto lililotoka ndani lilinipiga usoni kama la tanuri la matofali. Karanga alikuwa amelala chini, karibu na pedali, na tai yangu shingoni. Baba akamtoa, akamlaza kivulini, akamwagia maji taratibu miguuni na masikioni, Odeta akimpepea kwa kanga. Baada ya muda alifumbua macho. Alikitafuta kiganja cha Odeta, akaweka pua yake pale, kama alivyozoea akitaka chupa. Odeta akakimbia kuileta. Karanga hakuweza kunyonya. Maziwa yalipita pembeni ya mdomo wake, Odeta akawa anayafuta na kujaribu tena, anayafuta na kujaribu tena, akimwambia kwa Kihangaza maneno ambayo Mama alikuwa akituambia sisi tukiwa na homa.

Karanga alikufa saa nane.

Erasmus alirudi na betri. Alipoona, alivua kofia yake, akakaa juu ya tairi. Alikuja gereji akitembea kwa madaha, na hakuna aliyewahi kumwona akitembea vile tena mpaka alipoondoka.

Jioni Mama alirudi kutoka shambani, akasikia, akaenda kumkumbatia Odeta. Kuna desturi kwamba mnyama wa kurudishwa akifa, ngozi yake hupelekwa kwa yule aliyetoa, asije mtu akasema umemuuza au umemla. Baba alishika kisu. Odeta akasimama mbele yake.

"Usimchune," alisema. "Baba, nakuomba, usimchune."

Baba akarudisha kisu, akachukua jembe. Tulimzika Karanga nyuma ya migomba, bila kumchuna, ndani ya boksi lake. Nilitaka kushika jembe, Odeta akalichukua kutoka mikononi mwangu. Hakulinyakua. Alilichukua tu, kama unavyochukua kitu kutoka kwa mgeni.

"Ngozi hatuna," Baba aliniambia tuliporudi. Hakuwa amenipiga, hakuwa amenifokea, na ningempa kila kitu anifokee. "Kwa hiyo Jumapili utakwenda wewe kwa Bibi Mukandayisenga. Utamwambia kwa mdomo wako. Mimi na Odeta tutakuwepo, lakini hatutasema chochote. Na mimi nina kosa langu: niliitundika rimoti mahali ambapo kila mtu anafika. Hilo nitamwambia mwenyewe."

Jumapili baada ya kanisa tulivuka bonde. Bibi alikuwa ameketi nje akipepeta maharage kwenye ungo. Nyumba ilikuwa imefagiwa, na kando ya ukuta alikuwa ametengeneza kizizi kidogo kipya cha miti, chenye majani makavu ndani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni, Fundi. Yuko wapi mgeni wangu?"

Nilipiga magoti. "Bibi, Karanga amekufa. Nimemuua mimi."

Bibi aliacha kupepeta. Akanitazama. Halafu akaanza kucheka, mabega yakitikisika.

"Wewe mtoto! Umeanza! Mwaka jana ulikuja hapa ukaniambia serikali inaandikisha kuku kwa majina. Nikakaa nje kutwa nzima na kuku kumi na saba, namsubiri afisa! Kila kuku na jina lake! Leo umekuja na la mbuzi. Haya, mtoeni huko mlikomficha."

"Bibi, ni kweli."

"Na la kuku ulisema ni kweli. Uliapa." Akanyoosha shingo kutazama nyuma ya Baba. "Karanga! Karanga, mama, njoo!"

Odeta alikuwa amegeukia ukuta. Baba alitazama chini, akilishika neno lake la kutosema chochote. Nilikuwa na neno langu tu, na neno langu lilikuwa tayari limechakazwa na kuku kumi na saba.

Sijawahi kutafuta kuaminiwa kama siku ile. Na sikujua njia nyingine, kwa hiyo nilimweleza kila kitu kilivyokuwa, kipande kwa kipande, bila kukipamba. Jana yake nilikuwa nimemwomba Erasmus anionyeshe ndani ya mlango kabla hajaondoka, kwa sababu nilitaka kujua kilichomfungia Karanga.

"Bibi, ule mlango hauna mkono. Ndani yake kuna ndoano ya chuma inayokamata chuma kingine kilicho kwenye fremu ya gari. Ndoano ikishakamata, kuna kizuizi kinaibana isiachie. Kwenye magari ya kawaida, ukivuta mkono wa mlango unavuta kile kizuizi. Kwenye gari hili kizuizi kinavutwa na mota ndogo, kama hii ngumi yangu, yenye gurudumu la meno. Ukibonyeza rimoti, umeme unatoka kwenye betri unakwenda kwenye mota, mota inazunguka, kizuizi kinatoka, ndoano inaachia. Kila unapofungua, betri inapungua. Baba alinikataza. Nilifungua mara tano ili watoto wacheke. Mara ya sita mbuzi alikuwa ndani."

Bibi alikuwa hacheki tena.

"Waliolitengeneza walijua umeme unaweza kufa," niliendelea. "Wakaweka waya wa chuma, umefichwa nyuma ya gurudumu. Ukiuvuta, unavuta kizuizi chenyewe bila umeme. Ndani pia kuna mkono mdogo karibu na sakafu, mtu angeuona akatoka. Mbuzi hawezi. Baba aliujua ule waya. Aliuliza kuna nini, nikamwambia hakuna kitu. Nikamwambia hatujaligusa gari."

Bibi aliweka ungo chini.

"Baba yako alikuwa mbali kiasi gani?"

"Hatua hamsini, Bibi. Nimezihesabu."

"Na alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Muda gani ulipita kabla Odeta hajamwita?"

"Karibu saa nzima."

Kuku mmoja alikuja kudonoa maharage kwenye ungo, Bibi hakumfukuza.

"Nimekuamini," alisema mwishowe. "Uongo hauna meno ya gurudumu na waya wa kuvuta. Uongo ni mwepesi, la kuku ulilisema kwa pumzi moja. Hili limekutoa jasho." Akanishika kidevu akaniinua uso. "Sasa nisikilize, Deodata, kwa sababu nitasema mara moja. Kucheza si dhambi. Hata siku ile ya kuku, jioni nilicheka mwenyewe. Kukosea nako ni kwa kila mtu. Kama ungepiga kelele pale pale betri ilipokufa, mbuzi angekuwa kwenye kizizi kile, na wewe ungefokewa ukamaliza. Kosa halikumuua. Kilichomuua ni ile saa uliyokaa umelificha. Mtu aliyejua njia ya kufungua alikuwa karibu, akakuuliza kwa jina lako, ukamfungia nje. Kosa ukilisema mapema ni dogo. Ukilificha linakua, na mara nyingi anayelipa si wewe."

"Ndiyo, Bibi."

"Desturi inataka ngozi. Mmeniletea neno, na limetoka pagumu kuliko ngozi. Fundi, nimepokea. Baina yetu hakuna kilichovunjika."

Baba alishusha pumzi, akaenda kumpa mkono kwa mikono yote miwili, akamwambia na lake la rimoti.

Kisha Bibi akamwita Odeta. "Mjukuu wangu, mbuzi wangu mweusi atazaa mwezi wa tisa. Ukitaka, njoo uchague."

"Asante, Bibi," Odeta alisema. "Sitaki."

"Basi usitake," Bibi alijibu. "Mlango uko wazi tu."

Akamshika begani, wakakaa hivyo mpaka Odeta akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Sikumkaribia. Sikuwa na kituko hata kimoja, na hata kama ningekuwa nacho, nilijua hakikuwa kwa ajili ya mahali pale.

Tulirudi kwa njia ya bondeni, Baba mbele, Odeta katikati, mimi nyuma. Siku zote tulizoipita njia ile Odeta alinishika mkono. Siku hiyo alitembea peke yake, na mimi niliziacha hatua kadhaa baina yetu, kwa kuwa nilizistahili. Tulipofika kwenye kijito, Baba alivuka. Odeta akakanyaga jiwe la kwanza, akasimama. Hakugeuka kunitazama. Alisimama tu juu ya jiwe, maji yakipita chini yake, mpaka nilipomfikia. Ndipo akaendelea kuvuka.